Kitanda Hubebwa na Wawili

Tak.

Kitufe cha redio kaseti kiliruka chenyewe gizani, kama kawaida yake kanda inapofika mwisho, nikajua mchezo wetu wa kompyuta umeingia wote kwenye kanda. Sikuwasha taa. Chumba chetu ni kimoja kimegawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia alikuwa amelala binti yangu, ambaye akishaamka hakuna tena kazi inayofanyika. Tunamwita Chiriku. Shuleni ana jina lake jingine zuri tu, lakini baba yake alimpa hilo siku alipoanza kusema, na tangu siku hiyo hajapumzika. Kwa hiyo mimi ni Mama Chiriku, na mume wangu ni Baba Chiriku, hata huko aliko ambako hakuna anayemwita hivyo.

Aliko ni ng'ambo, kwenye kiwanda cha kuunganisha runinga. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na Jumatatu bosi wake alitaka jibu: anasaini mwingine, au anafungasha virago. Sisi tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwa simu. Mwenye duka la kaseti akiuchukua mchezo wetu mpya auuze likizo hii ya shule, Baba Chiriku anarudi nyumbani na studio inaendelea. Asipouchukua, anasaini. Ndiyo maana Jumamosi ile niliamka kabla hakujakucha, nikauhifadhi mchezo kwa mara ya mwisho, nikakaa gizani na ile kanda mkononi, bado ina joto la mashine.

Nikisema studio, watu hufikiria jengo. Studio ya Mezani ni meza. Ni meza yetu ya chakula, ya mbao, mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi ili isiyumbe. Juu yake kuna kompyuta ya nyumbani, ile ndogo inayochomekwa nyuma ya runinga, yenye vitufe vigumu kama ufizi wa mzee. Wakati wa kula tunaisukuma upande wa ukutani. Kuna doa la chai kwenye nyaya ambalo halitatoka tena, na mimi ndiye ninayejua ni la nani, lakini aliyelimwaga ana miaka sita tu, tumwache.

Ilianza hivi. Baba Chiriku alikuwa fundi wa redio na runinga. Mteja mmoja alimletea kompyuta iliyoungua, akaambiwa gharama, akasema basi kaa nayo. Mume wangu akaifufua kwa vipuri vya redio. Akaanza kuandika programu za michezo, lakini kwenye karatasi, kwa sababu kwenye vitufe alikuwa anadonoa kama kuku. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mizigo. Vidole vyangu vilikuwa na mbio kuliko akili yangu. Basi jioni anasoma kwa sauti, mimi nachapa, mtoto mgongoni. Nilichapa muda mrefu bila kuelewa hata neno moja, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha ya watu.

Halafu nikaingia masomo ya jioni. Wenzangu wengi walikuja kusomea uhasibu, mimi nikasema nataka darasa la kompyuta, mwandikishaji akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akauliza, "Wote wawili?" Nikamwambia mdogo atasikiliza tu. Hakusikiliza, aliongea. Lakini jioni moja, nyumbani, Baba Chiriku akiwa ananisomea, vidole vyangu vikasimama.

"Soma tena hapo," nikasema.

Akasoma tena.

"Hapo umekosea. Huyu paka wa mchezo wako akishaanguka hatapanda tena. Atakaa chini milele."

Alichukua karatasi yake, akaiangalia kwa muda, akaangalia runinga. "Kumbe ulikuwa unasikiliza," akasema. Kisha akanisogezea kiti chake, chenye mto.

Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mchora mabango. Picha zetu alizichora yeye kwenye karatasi ya miraba, kila mraba nukta moja ya kwenye kioo, na ulimi umemtoka kidogo.

"Shemeji, paka wako ana miguu mitano."

"Huo mkia, shemeji."

"Mbona unatembea?"

"Ana mkia mchapakazi. Si kama watu wengine."

Hivyo ukazaliwa *Paka wa Bati*, mchezo wa paka anayeruka mapaa ya nyumba akikwepa vyombo anavyotupiwa. Baadaye *Foleni*, ambamo unasimama kwenye mstari wa ofisi na kazi yako ni kutopitwa. Watu waliupenda, hasa waliozoea kupitwa. Tulikuwa na sheria moja tu pale mezani: aliyeandika hajaribu. Ukishaandika kipande chako, unaondoka kitini, unasimama nyuma, mikono mgongoni, mdomo umefungwa, wenzako wanacheza. Wakikwama, hutakiwi kusema "bonyeza pale." Shemeji alikuwa akiteseka kweli kweli. Aliuma kola ya shati. Mume wangu alisema mtu anayejua njia hawezi kujua kama njia inaonekana.

*Kuhama*, mchezo wa tatu, tuliupata siku tulipohamia chumba hiki. Kitanda kilikwama kwenye ngazi. Shemeji juu, mume wangu chini, mimi katikati nikiwa na godoro kichwani.

"Inua."

"Nimeinua."

"Si hivyo, inua kwa huku."

"Huku kwako au huku kwangu?"

"Kwani kitanda kina huku ngapi?"

Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi na kitanda kimetuziba, wapangaji wa juu hawashuki, wa chini hawapandi. Usiku ule ule mume wangu akasema, huu ni mchezo. Watu wawili, kitanda kimoja, nyumba yenye milango na kona. Mmoja anashika kichwani, mwingine miguuni, wote kwenye kompyuta moja: huyu vitufe vya kushoto, yule vya kulia.

Alichora nyumba. Shemeji akachora kitanda. Halafu mambo yakaanza kupungua. Shemeji akaoa, akahamia mji wa wakwe zake, huko anaandika majina ya maduka na anaendelea vizuri. Karakana ya redio ikafungwa, maana watu siku hizi kitu kikiharibika wananunua kingine. Mume wangu akasikia habari za kile kiwanda. Nilimsindikiza hadi mlangoni pa basi, akapanda, akakaa upande ambao sikuweza kumwona.

Nikabaki na meza.

Sitaki kusema nilikuwa mpweke, kwa kuwa nilikuwa na mtoto, na mtoto yule anajaza chumba. Lakini kuna maneno ambayo huwezi kumwambia mtoto, na kuna mengine ambayo ni ya mtu mmoja tu, na huyo mtu ndiye hayupo. Kuna "hebu njoo uone." Nilikuwa namaliza kipande kizuri, kwa mfano kitanda kinavyolala ubavu kupita mlangoni, nageuka kabisa, mdomo umeshafunguka, nakuta kiti. Nikawa nakiwekea nguo zilizoanuliwa kile kiti, ili nikigeuka nikute kitu.

*Kuhama* niliuandika Chiriku akiwa kwa jirani, au amelala. Na kwa kuwa ni mchezo wa wawili na mimi ni mmoja, nikaujaribu kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto kichwani, mkono wa kulia miguuni. Mwanzo kitanda kiliyumba, kikaanguka, kikavunjika, na nilikuwa nimekitengenezea mlio mzuri wa kuvunjika. Kidogo kidogo mikono ikazoeana. Nilipoona nafika mwisho wa nyumba bila shida, nikasema mchezo umekuwa rahisi, nikaukaza. Ikawa lazima pande zote ziinuke pamoja, kwa kufumba na kufumbua, la sivyo kitanda kinavunjika na mnarudi mlango wa mbele. Nikazoea tena. Nikakaza tena. Mwishowe mchezo ulikuwa mzuri mno kuutazama. Kitanda kilipita nyumba nzima kama maji yanayotafuta bahari. Ile sheria ya mezani sikuisahau. Ila sheria inataka wenzako wacheze, na wenzangu ndio hao, mmoja mji wa wakwe, mmoja ng'ambo.

Basi Jumamosi ile nikamvalisha Chiriku gauni safi, nikatia kanda kwenye mkoba, tukaenda.

Duka la kaseti lina chumba cha nyuma chenye kompyuta na runinga, wateja hujaribia huko. Mwenyewe tunamwita Bwana Kaseti, mtu mnene mwenye utani usiokwisha. Mkewe hukaa mbele kwenye droo ya fedha, na mtaa mzima humwita Mama Keshia. Simu ya duka, iliyo chumba cha nyuma, ndiyo anayopigia mume wangu kila Jumamosi mchana.

"Karibu, karibu," alisema Bwana Kaseti. "Umetuletea kitanda?"

"Nimeleta."

"Na godoro lake?"

"Muache mwenzio apumue," mkewe akasema. "Mama Chiriku, ukae. Umepungua wewe. Unakula?"

"Anakula mkate," Chiriku akajibu kwa niaba yangu. "Mama anasema chakula kinamwagika kwenye nyaya, lakini aliyemwaga chai ni—"

"Chiriku."

Bwana Kaseti akafunga mlango wa duka, akageuza kibao upande wa *Tumefunga*, akatia kanda. Tulisubiri mchezo uingie huku ile sauti ya kanda ikilia kama mbu mwenye hasira. Kisha nyumba ikatokea kwenye kioo, na kitanda, na vijitu viwili, kimoja kila upande. Mama Keshia akafurahi.

"Tazama kilivyo na kilemba. Huyu ni mimi. Nashika kichwani."

"Kichwani nashika mimi," mumewe akasema. "Mimi ndiye kichwa."

"Umekuwa kichwa tangu tuoane, tumefika wapi? Leo shika miguu."

Mimi nikasimama nyuma, mikono mgongoni.

Wakaanza. Kra. Kitanda kikavunjika.

"Umewahi kuinua."

"Wewe ndiye umechelewa. Ulichelewa hata harusini."

Kra.

"Sasa tuhesabu. Moja, mbili, tatu."

Kra.

"Umeinua kwenye tatu au baada ya tatu?"

"Kwenye tatu."

"Watu wanainua baada ya tatu."

"Watu wa kwenu."

Nilicheka nao mwanzoni. Nikangoja wazoee. Walipofanikiwa kukiinua, wakapiga kelele kwa furaha, na kabla furaha haijaisha walikuwa wamefika mlango wa kwanza, ambapo mmoja husimama na mwingine huzunguka, na kra. Wakarudi mwanzo. Wakafika pale pale, kra. Mara nyingine hivyo hivyo. Utani ukaanza kukauka. Mama Keshia alisema, "Sasa wewe unanikasirisha," na hakuwa anatania, na mumewe akaondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka magotini.

"Labda mkono wangu mzito," akasema. "Mama Chiriku, hebu tuoneshe mnavyofanya."

Nikakaa. Mkono wa kushoto kushoto, wa kulia kulia. Kitanda kikainuka. Kikapita mlango wa kwanza, kikalala ubavu, kikazunguka kona ya korido, kikapanda ngazi bila kugusa ukuta, kikatua chumbani chini ya dirisha. Kikafanya *dii* ndogo, ile niliyoiweka ya kumaliza.

Kwa kawaida mtu akicheza vile, wanaotazama husema kitu. Nyuma yangu palikuwa kimya. Hata Chiriku alikuwa kimya, akanishika gauni.

"Na mwenzako ni nani?" Mama Keshia akauliza. "Huwa unacheza na nani?"

Nikainua mkono wa kulia, kama mtu anayejibu darasani.

Bwana Kaseti, ambaye hucheka hata matangani, hakucheka.

"Mwanangu," akasema mkewe, na hakuwahi kuniita hivyo. "Hiki kitanda umekibeba peke yako. Ndiyo maana hatukiwezi."

Nikaangalia mikono yangu pale juu ya vitufe. Ilikuwa kweli, na ilikuwa wazi kiasi kwamba sikuweza kuelewa nilikuwa wapi siku zote hizo. Mkono wa kushoto haumwambii wa kulia "inua." Unajua tu, maana wote ni wa mtu mmoja. Watu wawili wana kitu katikati yao: kuulizana, kutazamana, kusema subiri, kusema haya. Kitu hicho kinachukua muda, na muda huo mimi niliufuta wote, kila nilipokaza kidogo. Nilitengeneza mchezo wa watu wawili ambao wawili wowote duniani hawauwezi.

"Likizo hii siwezi kuuchukua," Bwana Kaseti alisema taratibu. "Nikiuza huu, nyumba zitavunjika mtaa mzima na watakuja kulalamika kwangu. Lakini urekebishe. Ulete likizo ijayo. Kile kilemba ni kizuri."

"Nitarekebisha," nikasema.

Na simu ikaita.

Mama Keshia akaipokea, akasikiliza, akanipa mkono wa simu, akamsukuma mumewe na Chiriku waende mbele dukani. Lakini mlango wa chumba kile haufungi vizuri, na nilisikia binti yangu akianza kueleza paka wa miguu mitano.

"Mama Chiriku," mume wangu akasema. Sauti yake huja kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo siku zote tunagongana maneno, halafu tunanyamaza wote, halafu tunagongana tena. "Wamesemaje?"

"Hawajauchukua."

Nikangoja neno langu lifike kwake.

"Wamesema kwa nini?"

"Ni mgumu. Hakuna anayepita mlango wa kwanza."

"Uliujaribu na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe na nani?"

"Na mimi, Baba Chiriku. Mikono miwili."

Jibu lilipokawia nilidhani ni ule ucheleweshaji wa waya. Kisha nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani, nakifahamu, na kikakatika kabla ya mwisho wake.

"Mkono gani ulikuwa mimi?" akauliza.

"Wa kulia."

"Umenipendelea."

Nikaegemea ukuta. Kwenye runinga kitanda chetu kilikuwa bado chini ya dirisha, na vile vijitu viwili vimesimama kila upande, havina la kufanya.

"Ningeweza kuja hivyo hivyo," akasema. "Nitafute kazi huko."

"Kazi gani?"

Tulishaizungumza mara nyingi, na karakana haijafunguliwa tena.

"Bosi anataka jibu Jumatatu," akasema. "Sema wewe. Ukisema nije, nakuja."

Hapo ndipo ningeweza kumwambia njoo. Neno lilikuwa kwenye ulimi, fupi, jepesi. Nikaona akishuka kwenye basi na begi lake, na sisi watatu tukiwa mezani na mchezo usiochezeka, na yeye asubuhi akitoka kutafuta, jioni akirudi, akikaa kwenye kile kiti bila kunitazama. Nikajikaza.

"Saini," nikasema. "Mchezo haujawa."

"Haya."

"Ukirudi utakuwa umekuwa."

"Haya, Mama Chiriku."

Tukagongana tena, yeye akisema mtoto hajambo, mimi nikisema umekula, na simu ikakatika tukiwa tunangojana.

Njiani nyumbani Chiriku alinishika kidole. Alipita duka la vyuma bila kuuliza bei ya kitu chochote, nikajua ana jambo.

"Baba amesemaje?"

"Anakusalimu."

"Anakuja?"

"Bado."

"Bado ya kesho au bado ya mwaka?"

"Bado ya mwaka."

Akaburuta viatu mpaka tukafika kwenye nguzo ya taa. Halafu akaniuliza kama samaki hulala macho wazi, na ikiwa ni hivyo, wanajuaje kuwa wameshalala.

Jumatatu mume wangu alisaini. Mimi sikuwasha kompyuta. Niliifunika kitambaa, tukawa tunakula mezani kama watu wengine, sahani katikati. Nilienda kazini, jioni nikaenda darasani, ambako sasa mwalimu huniomba nikae na wanaoanza, kwa sababu nawaeleza polepole. Nikirudi, namchukua Chiriku kwa jirani, namlaza, nakaa. Kitanda chetu, kile cha kweli, ni kikubwa. Nilikuwa nalala upande wangu tu, ukingoni kabisa, kana kwamba kuna mtu angeweza kuja akakosa nafasi.

Kisha ikaja mvua ya mchana kutwa, shule na ofisi zikafungwa mapema siku ile, na Chiriku akawa ndani na mdomo wake. Alimaliza hadithi za darasani, akamaliza za jirani. Akainua kile kitambaa.

"Mama, nataka kubeba kitanda."

"Kinavunjika."

"Najua. Nataka kukivunja."

Ni kweli kwamba nilikuwa sijawahi kumruhusu karibu na vitufe. Nilikuwa nikimwambia hiyo ni kazi ya Mama, kaa huko. Siku ile sikuwa na nguvu ya kukataa, na pengine nilitaka mtu akivunje. Nikaziondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, nikaweka juu yake mto na kitabu kinene, nikampandisha. Akachagua miguu.

Kra. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kra. "Tena." Kra. "Mama, unakwenda mbio. Mimi nilikuwa bado nasema." Kra. "Mama, nilikwambia nimeinua kumbe nilikuwa sijainua, nilikuwa nataka kuinua." Kra.

"Kwa nini hakitungoji?" akauliza.

"Nani?"

"Kitanda. Kile cha kwetu kinangoja. Ukikiacha kinakaa tu."

Nilimwangalia. Alikuwa ana pengo mbele, na wino shavuni. Nikamwambia aende akanichotee maji ya kunywa, si kwa sababu nilikuwa na kiu.

Kazi ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiogopa. Palikuwa na mstari mmoja katika programu nzima, mstari nilioupenda, uliosema wasipoinua pamoja, kivunjike. Niliufuta. Mahali pake nikaandika wasipoinua pamoja, kingoje. Mmoja akiinua na mwenzake hajawa tayari, upande mmoja unanyanyuka kidogo tu, kama mtu anayekumbusha, na unakaa hivyo. Mmoja akizunguka kona, kitanda kinamsubiri wa pili. Ukitaka kupumzika katikati ya ngazi, unakitua, vijitu vinakaa juu yake. Kukaa juu yake aliongeza Chiriku, akasema watu wakichoka hukaa.

Haikuwa tena kama maji. Kitanda kilisuasua, kikasimama, kikaenda hatua, kikasimama. Nilipoujaribu kwa mikono miwili nikauona mchezo umepoa, hauna ladha yoyote, nikaingiwa na hofu. Halafu nikakumbuka kuwa mimi si wa kuujaribu hivyo tena, nikamwita mtoto.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha na runinga ndiyo ilikuwa taa yetu. Tuliinua mlangoni. Tukapita wa kwanza, yeye akisema "twende, twende, twende," kisha "siyo twende sana." Kwenye korido tukabishana nani atangulie, tukatua kitanda, tukabishana tumekikalia, tukainua tena. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mapajani. Mara mbili ulitaka kwenda kwenye vitufe vyake, nikaukalia.

Tulipofika kwenye ngazi akanyamaza. Si kawaida yake, nikamtazama kwa pembe ya jicho: ulimi umetoka kwenye pengo, magoti yamekunjwa juu ya kitabu, kidole kimoja kinatafuta kitufe na kingine kimeshakipata. Kijitu chake kilikuwa chini, kona imekibana, na changu juu, tayari. Ningependa sana kuvuta. Dirisha la chumba cha juu lilikuwa linaonekana. Nikabaki nimeshika upande wangu, kitanda kimeinuka nusu, hakiendi wala hakivunjiki, na kwa muda hakuna kitu kilichotokea kwenye kioo, isipokuwa sisi wawili.

"Mama, simama hapo, mimi bado nageuza," alisema Chiriku.